Kinyozi wa "Sawa, Sawa"

Kitendawili! Usikimbilie kusema "tega", fikiri kwanza. Nyumba yangu ina milango miwili, sijawahi kuifunga hata nikilala. Ni nini?

Umeshindwa? Ni masikio.

Lakini kinyozi wa mtaani kwetu, milango yake ilifungwa na ugonjwa. Hospitalini wakampasua, wakamwekea kifaa ndani ya sikio. Kifaa hicho hupeleka umeme mdogo kwenye neva ya kusikia. Neva nayo hupeleka habari kwenye ubongo.

"Unasikia sasa?" watu walimuuliza.

"Kama zamani!"

Aibu ndiyo iliyojibu. Mkewe alimuuguza mwaka mzima. Angemwambiaje kwamba anasikia kelele za mabati tu? Basi kila aliloambiwa, yeye ni "sawa, sawa."

Siku moja fundi seremala aliketi kwenye kiti chake. "Punguza nywele. Ndevu usiziguse, kesho kutwa naoa."

"Sawa, sawa." Wembe ukapita, ndevu zote chini.

"Mungu wangu! Umenifanya yai!"

"Bibi harusi atadhani kaletewa mtoto wa kulea," mtu mmoja akatania. Watu wakaangua kicheko.

Mke wa kinyozi alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alimkabili mumewe, akauliza taratibu, "Mume wangu, unanisikia, au unaitikia tu?"

Kinyozi akainama. Akashika ufagio, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Kesho yake walikwenda hospitali. Mke akabaki kwenye benchi nje. Ndani, dada mpima masikio alisema, "Leo hunyanyui mkono kila usikiapo sauti, baba. Kaa tu, hata ukisinzia. Kifaa kitaigusa neva kwa umeme kidogo, kisha kitapokea jibu lake. Ni kama kubisha hodi na kungoja 'karibu'."

Mistari ikapanda na kushuka kwenye kompyuta.

"Hapa neva inajibu vizuri. Hapa inajibu kwa unyonge. Lakini baba, mbona haya hayafanani na majibu yako ya siku zote? Hata sauti ndogo kabisa ulinyanyua mkono. Ulizisikiaje?"

Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Sikuzisikia, binti yangu. Nilikuwa natazama bega lako. Likicheza, najua umebonyeza kitufe cha sauti."

"Kumbe miezi yote hii nimekuwa nalipima bega langu!" Dada akatabasamu, kisha akasema kwa upole, "Si wewe wa kwanza kuona haya. Kipimo kinanionyesha neva inavyojibu. Unachosikia, ni wewe tu wa kunieleza."

Akamgeuza atazame ukutani, akawa anamuuliza kwa kila sauti. Aliposikia, alisema. Asiposikia, alisema pia. Dada akakirekebisha kifaa upya.

"Sasa ufanye mazoezi kila siku. Ubongo hujifunza polepole, kama mtu anayejifunza kusoma."

Kila jioni mke alimsomea maneno, naye akayarudia. Wiki zikapita. Kibandani, wateja wakazoea kuambiwa, "Nitazame, sema tena." Ndevu za watu zikasalimika.

Alasiri moja alikuwa akinoa wembe. Mkewe akasema kitu nyuma yake.

Kinyozi akageuka. "Chai nimeisikia. Neno la pili sikulipata."

"Imepoa."

Akauweka wembe chini. Macho yake yalitaka kukimbilia sakafuni, lakini akayainua.

"Na lile swali lako, mke wangu. Nilikuwa naitikia tu."