Anayegonga Ndani ya Tangi

Kiwanda cha bia kilifungwa zamani, watu wazima wa leo wakiwa bado wanatambaa. Matangi yalikuwa yamekauka hadi buibui wameyahama. Lakini asubuhi ile mchomeleaji aliposukuma mlango, alipokewa na harufu ya chachu mbichi, kana kwamba kuna mtu ametoka kuikoroga sasa hivi.

"Panya wamekufa," akasema, na kwake yeye hilo likawa limekwisha.

Huyo ndiye Mjuaji. Mtaa ulimpa jina hilo kwa kejeli, naye akalivaa kama suti ya harusi. Wapo watu walioumbwa mdomo kwanza, masikio yakaja baadaye kwa kubahatisha. Alikuwa amepewa kazi ya kuyakata matangi yauzwe chuma chakavu, akamchukua shemeji yake amsaidie. Mkewe alimsindikiza hadi mlangoni: "Ndugu niliyebakiwa naye ni huyo tu. Nirudishie kama alivyo."

"Tunakwenda kukata chuma, mke wangu, hatuendi vitani."

Getini mama mlinzi naye alijaribu. "Zamani humo, anayeosha tangi hugonga kwa ndani, mwenzake wa nje humjibu. Kujibu ni ahadi: nipo, nitakutoa. Siku moja wa nje alijibu, kisha akaenda zake kunywa. Mwenzake akafia humo kwa kukosa hewa, na jini la humo likajifunza kugonga. Ukilisikia usijibu, baba."

"Jini la kiwanda cha bia? Basi litakuwa limelewa, mama."

Mama mlinzi akamtazama kama mtu atazamavyo sufuria iliyotoboka.

Shemeji akafungwa kamba kiunoni, akajipenyeza kwenye kitundu cha tangi kubwa akague nati za ndani. Hakukaa sana, ikasikika: ngo, ngo. Taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi nyumba ya mkwe. Mjuaji akacheka, akashika nyundo, akajibu kwa mbwembwe za mpiga ngoma asiyealikwa.

"Shemeji," sauti ikatoka kwa chini, "umemjibu nani?"

"Si wewe uliyegonga?"

"Mikono yangu yote imeshika nati. Kuna mtu ananipumulia shingoni. Nitoe."

Hapo ule ujuzi wote ukamshuka miguuni, akavuta kamba, akavuta huku harufu ya chachu ikimjaa puani na kooni, na kamba ikija nzito kama imefunga watu wawili, kisha ghafla nyepesi, kisha nzito tena, na chuma kikilia kwa ndani kama kinakwaruzwa na kucha, naye akavuta huku akitaja kila dua aliyowahi kuicheka, mpaka kichwa kikatokeza, mabega yakafuata, na shemeji akasimama mbele yake, mzima, anajipangusa vumbi.

"Ahsante, kaka," akasema, kwa sauti kavu ya mtu aliyenyamaza miaka mingi. "Wewe umetimiza. Yule mwingine alikwenda kunywa."

Shemeji yake hakuwahi kumwita kaka.

Ndani ya tangi mtu akaanza kulia. "Shemeji, umemtoa nani? Mimi bado nimo."

Mjuaji akachungulia. Tangi lilikuwa tupu, mwanga umefika hadi chini. Kilio kikaendelea.

"Twende nyumbani," akasema yule aliyesimama, akimshika mkono kwa vidole vya baridi. "Dada ananisubiri."

Na Mjuaji, bingwa wa kila kitu, akatangulia kumwonyesha njia.