Mahari ya Msahafu Mmoja

Siku ya mnada, soko la mifugo la Garissa halina pa kutia mguu. Idil, msichana wa baibui la kijani na ulimi mwepesi, alikuwa ameleta mbuzi wa mama yake. Dalali aliyemjia alikuwa Keinan, kijana mrefu, kikoi cha buluu, shali begani. Alitandaza shali mkononi ili bei itajwe kwa vidole chini yake, kama madalali wafanyavyo.

"Mkono wangu haushikwi na mwanamume nisiyemjua," Idil alimwambia. "Taja kwa mdomo."

"Watu watasikia, abaayo, dada yangu."

"Wasikie."

Mbuzi aliuzika vizuri. Mwaka mzima simu ya Idil haikupoa kwa maongezi yake na Keinan, mpaka wazee wa Keinan walipokuja kuposa.

Siku ya nikaha, shahidi aliingia chumba cha wanawake kumuuliza bibi harusi mahari, maana kwao ni yeye anayeitaja. Idil alijua Keinan ameweka akiba miaka sita anunue kiwanja mbali na mto Tana, amhamishe mama yake, Batula, ambaye kila mto ukifura jiko lake huenda na maji. Akajibu, "Msahafu mmoja tu."

Neno lilipofika barazani, Keinan alichukua viatu vyake akaondoka. Idil alikaa na hina yake mikononi, haya zimemjaa. Alasiri simu ikalia.

"Sokoni, anayetaja bei ya chini hivyo hamtaki mnyama," Keinan alisema. "Umeniambia hunitaki, mbele ya wajomba zangu."

"Wallahi, nilikuwa nakuhurumia."

"Huruma ndiyo iliyoniuma. Unataka nini hasa, mpenzi? Sema kweli."

Idil hakuwahi kumwambia mtu. "Nataka kusomea ukunga. Miaka mitatu. Ada yake itameza akiba yako yote."

Simu ikakatika.

Siku nne hakupiga. Watu husema mapenzi hayana bei. Waliosema hivyo hawakuwa na ndoto mbili na mfuko mmoja.

Ijumaa wazee walirudi. Shahidi akauliza tena, na kabla Idil hajajibu, Batula, aliyekaa naye mkekani, alimshika goti.

"Taja unachokitaka, binti yangu. Keinan ameshaniuliza kuhusu akiba ya kiwanja."

"Na wewe, hooyo, mama yangu? Na mto?"

"Mimi na mto tumezoeana. Keinan nilimzaa peke yangu porini, hapakuwa na mkunga. Wawili waliomtangulia hawakuishi. Taja."

Idil akataja ada ya chuo, miaka yote mitatu. Shahidi akalipeleka neno barazani, na sauti ya Keinan ikasikika, "Nimekubali," bila kusita.

Wanawake walipiga vigelegele. Idil alijifunika uso akalia. Alikuwa amepata mume na chuo kwa siku moja, na aliyelipa alikuwa ameketi ubavuni pake, akimnyooshea pindo la nguo.