Paka wa Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Siku hiyo duka la fotokopi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Wanafunzi walikuwa na kazi za kuwasilisha kabla ya saa tisa, mashine kubwa ilikuwa imekwamisha karatasi mara mbili tangu asubuhi, na mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikutakata hata siku ya mapumziko, alikuwa akihudumia watu watatu kwa mpigo. Hakuwa na nafasi ya kupendezwa na mtu. Ndipo akaingia mwanamke mwenye koti jeupe la kazi juu ya gauni la rangi ya machungwa, viatu vya chini, na miwani mikubwa iliyomkaa vizuri usoni, akasimama kwenye foleni bila kumsukuma mtu. Wino akapoteza hesabu ya kurasa alizokuwa akihesabu, akaanza upya, akapoteza tena.

Zamu yake ilipofika, yule mwanamke aliweka simu juu ya kaunta na kusema anataka matangazo hamsini. Paka wake alikuwa amepotea, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja.

"Picha ipo humu," alisema. "Nitolee vizuri, kaka. Ni mweusi, ana doa jeupe puani, na ncha ya sikio moja imechanika. Anaitwa Mgeni."

Wino akaifungua picha kwenye kompyuta. Paka huyo alimfahamu. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemwacha amelala juu ya mto wake, chumbani kwake, ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka dukani.

Alimwokota nyuma ya jaa, akiburuta mguu wenye kidonda kilichoanza kunuka. Akampeleka kwa daktari wa mifugo, akamnywesha dawa kwa kijiko, akambadilishia bandeji kila asubuhi kabla hata ya yeye mwenyewe kunywa chai. Alimpa jina la Karani, maana alipenda kukalia karatasi. Na tangu siku ya kwanza alikuwa amefunga madirisha yote na kuapa kwamba mwenye paka huyo, kama yupo, hafai kufuga hata kuku.

Sasa yule asiyefaa alikuwa amesimama mbele yake, ananukia sabuni.

"Huwa humfungii ndani?" Wino akauliza, akijifanya anapanga maandishi.

"Nimfungie kwa kosa gani? Namwachia dirisha wazi, anazunguka, jioni anarudi."

"Na magari? Na mbwa?"

"Wewe kaka hutoki nje? Magari unayakwepaje?"

Foleni ikacheka, naye akacheka pamoja nao, na Wino akaliona pengo dogo kati ya meno yake ya mbele. Hapo ndipo mambo yalipomharibikia.

Angeweza kusema palepale. Ilikuwa sentensi moja tu: dada, paka wako yuko kwangu, mzima. Alijiambia kwamba anamlinda mnyama asirudi kwa mtu mzembe, na nusu ya hilo ilikuwa kweli. Nusu nyingine hakuthubutu kujiambia, kwamba mwanamke huyo akishampata paka wake hatakuwa na sababu ya kurudi pale tena.

Akaongeza weusi wa picha hadi doa la puani likamezwa, akakata pembeni hadi sikio likabaki nje ya fremu. Karatasi zikaanza kutoka.

"Mbona ametoka kama kipande cha mkaa?" mwanamke aliuliza.

"Mashine imechoka, dada."

Mashine hiyo alikuwa ameitia wino mpya jana yake.

Mwanamke akaeleza kwamba yeye ni mpima macho katika kliniki iliyo ng'ambo ya barabara, na simu yake huizima mchana kutwa kwa ajili ya wagonjwa. Je, ingewezekana tangazo liwe na namba ya duka, watu wapige hapo, naye amuulize jioni? Wino akasema inawezekana. Ilimtoka haraka, kabla aibu haijapata muda wa kumfikia.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni akifunga kliniki mpima macho alipiga simu, akauliza kama kuna habari, Wino akajibu kwamba leo hakuna. Siku za mwanzo simu zilichukua dakika mbili. Wiki ilipokwisha zilichukua saa nzima, na habari za paka zilimalizika mapema wakabaki na za kwao. Mpima macho alimtania Wino kwamba anakunja uso akisoma, akamwita kliniki, akamkalisha mbele ya chati ya herufi na kumwandikia miwani ya kusomea. Wakaanza kula pamoja mchana, sahani moja wakigombea kipande cha mwisho. Akamwita "Wino wangu," naye akamwita "daktari wangu," ingawa alishakatazwa mara nyingi kwamba yeye si daktari. Kuhusu dirisha hawakukubaliana hata siku moja. Yeye alisema kiumbe kisichoonja nje kinanyauka, Wino akasema kinachozurura kinakufa mapema, na walibishana hivyo wakiwa wameshikana mikono.

Kisha kila siku Wino alipanda ngazi hadi chumbani, akamkuta Karani amekaa dirishani, pua imegusa kioo, anatazama barabara. Alipokaribia, paka hakugeuka. Wino alikaa kitandani na kujiona mwizi, maana ndivyo alivyokuwa. Alipanga kusema Jumatatu. Jumatatu mpenzi wake alifika akiwa amevaa hereni mpya kwa ajili yake, Wino akashindwa. Kadiri siku zilivyozidi, ndivyo kosa lilivyozidi kuwa kubwa kuliko maneno aliyoyaandaa.

Halafu akapiga bibi mmoja. Sauti ilikuwa ya taratibu, ya mtu aliyejipanga kabla ya kunyanyua simu. Alisema anakaa ghorofa ya nne ya jengo linalotazamana na lile la njano, na paka wa kwenye tangazo, ingawa picha yenyewe haieleweki, anamwona kila siku katika dirisha la ghorofa ya tatu.

Lilikuwa dirisha la Wino.

Alimshukuru, akasema atafuatilia. Siku ya tatu bibi akapiga tena kuuliza wamefikia wapi. Aliposikia hakuna kitu akasema, "Mwanangu, yule paka ana doa jeupe puani. Namwona vizuri."

Tangazo halikuonyesha doa lolote.

Mara ya tatu bibi alipiga wakati mpima macho yuko pale pale dukani, amekaa juu ya katoni za karatasi akila karanga, anamtazama kwa macho ya mapenzi. Wino akageukia ukuta.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "kwa umri wako, pengine ni macho tu. Nenda ukapimwe."

"Haya, mwanangu," bibi akasema, akakata simu.

"Nani?" mpenzi wake akauliza.

"Mteja," akajibu.

Siku nne baadaye, saa tano asubuhi, mpima macho aliingia dukani na koti lake la kazi, ameshikana mkono na kikongwe aliyevaa sweta la kijani lililofungwa vifungo vyote. Wateja walikuwa sita. Wino alipoiona ile sura ya mpenzi wake, akaizima mashine.

"Bibi huyu nimempima leo," alisema mpima macho. Hakupaza sauti. "Vya karibu anahitaji miwani. Vya mbali anaviona kuliko mimi. Ananiambia aliyemtuma akapimwe ni mwenye namba ya tangazo, baada ya yeye kumpigia mara tatu kuhusu paka. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Paka yuko wapi?"

"Kwangu."

"Tangu lini?"

Wino akatazama vidole vyake. "Tangu kabla hujafika hapa na picha."

"Kwa hiyo siku ile nilipokupa simu yangu..."

"Nilimtambua."

Mpima macho akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena, na macho yalikuwa yamejaa. "Jioni zote zile nakuuliza," alisema. "Nilikuwa nakulilia kwenye simu, na wewe unanibembeleza."

Walikwenda wote wawili chumbani kwa Wino, wakapanda zile ngazi. Wino akampa paka, akampa na bahasha ya daktari wa mifugo yenye kadi ya matibabu, kwa kuwa kulikuwa na dozi moja imebaki. Akajaribu kusema kitu, akaambiwa asiseme. Mlango ulipofungwa alibaki amesimama katikati ya chumba kwa aibu ambayo hakuwahi kuijua, inayochoma masikio hata mtu akiwa peke yake.

Simu zake hazikupokelewa, siku hiyo wala wiki hiyo. Ila watu wengine waliendelea kupiga, maana matangazo bado yalikuwa ukutani. Kila aliyepiga alikuwa na nia njema, na kila mmoja alimuumiza. Siku ya nane Wino alikaa kwenye kompyuta, akaifungua ile picha upya, akairudishia mwanga wake, doa likaonekana na sikio likaonekana. Chini yake akaandika: *Paka huyu amepatikana. Hakupotea. Alikuwa kwangu, nami nilijua ni wa nani nikanyamaza. Mwenye duka la fotokopi.* Akachapa hamsini na kwenda kuyabandika mchana kweupe, ukuta kwa ukuta, juu ya yale ya zamani. Wateja wake walisimama kusoma naye yupo hapo na gundi mkononi. Mmoja alimwambia, "Na sisi tunakuachia vyeti vyetu?" Wino akabandika lililofuata.

Jioni ya tatu simu ya duka iliita.

"Nimesoma ukutani," alisema mpima macho.

Wino hakuthubutu hata kumwita jina walilozoea.

"Sijakusamehe," akaendelea. "Ila nimesoma na ile kadi. Daktari ameandika kwamba ulipompeleka, kidonda kilikuwa na wiki nzima. Wiki hiyo alikuwa anarudi kwangu kila jioni, anakula, anatoka. Nilimpapasa kichwa, sikumwangalia mguu. Kazi yangu ni macho ya watu, Wino. Nilijisifu kwamba nampa uhuru, kumbe nilikuwa nimechoka tu kumtunza. Nimeona aibu sana, na sikutaka kukwambia wewe, kati ya watu wote."

"Hiyo hailingani na yangu," alisema Wino.

"Najua hailingani. Nenda kwa bibi kwanza. Ukitoka huko nipigie."

Alikwenda kesho yake saa nane. Bibi alimfungulia, akaitikia shikamoo yake, akamwelekeza dirishani badala ya kiti. Kutoka hapo Wino akaona chumba chake chote: kitanda, mto, shati lililotundikwa msumarini, kijiko cha dawa juu ya meza.

"Nilikuwa nakuona ukimnywesha," bibi alisema. "Nikajua huyu si mtu mbaya, nikimwambia atamrudisha. Nilijua ni wewe tangu simu ya pili, ulipopokea kwa jina la duka, maana mwenye duka namjua kwa sura."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nilikuwa nakupa nafasi." Akavuta sweta. "Kisha ukaniambia ni macho. Mama yangu alifariki haoni, mwanangu. Siku nne sikulala. Nilikaa hapa natazama dirisha lako, najiuliza kama paka ninayemwona yupo kweli."

Wino akapiga magoti sakafuni, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akaomba radhi. Bibi hakumwambia haidhuru. Alimwacha amalize, kisha akamwambia ainuke, ampelekee mpenzi wake salamu.

Hakupiga simu. Alikwenda kwa miguu hadi nyumba ya mpima macho, ya chini, yenye dirisha pana na meza iliyojaa vioo vya miwani, akabisha hodi, akasubiri. Mpima macho mwenyewe alimfungulia, amevaa gauni la nyumbani lililofifia, nywele amezifunga kitambaa, macho mekundu. Paka Mgeni alikuwa amelala kwenye kiti, mguu umepona, manyoya yameanza kuota.

"Umetoka kwa bibi?"

"Nimetoka. Aibu haijaisha."

"Haitakiwi iishe leo," alisema. "Na yangu pia bado."

Wino akaingia hatua mbili, akasimama na mkono kwenye kitasa. Paka aliinua kichwa, akawatazama wote wawili.

"Niufunge?" akauliza.

Mpima macho alitazama barabara nyuma yake, akamtazama paka, akamtazama yeye.

"Uache wazi," alisema. "Anayetaka kutoka atoke. Ila nitamkagua miguu kila anaporudi, na wewe nitakuuliza kila siku, na kila siku utanijibu ukweli."

Wino akauacha wazi. Akakaa pembeni ya kiti, macho chini, vidole vyake vya wino amevificha katikati ya magoti, hadi mpima macho alipovichukua kimoja kimoja na kuvishika. Nje magari yalipita. Ndani ya chumba kile, hakuna aliyeondoka.