Pumzi ya Akiba

Mpira wa akiba ulikuwa unapumua peke yake.

Mwalimu wa kuzamia aliuona akiwa amepiga magoti chini ya maji, kwenye kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na miamba, ambako wanaoanza hujifunzia kwa kuwa maji yanaishia kifuani. Mwanafunzi wake siku hiyo alikuwa mdogo wake, ambaye muda mfupi kabla alicheka akisema kwamba maji yenyewe ni ya kuogeshea mtoto. Mtungi wa hewa wa huyo mdogo mtu ulikuwa na mipira miwili ya kupumulia: mmoja wa mdomoni mwake, wa pili wa kumpa mwenzake akiishiwa pumzi. Huo wa pili, ulioning'inia ubavuni, ulitoa mapovu, ukatulia, ukatoa tena, taratibu, kama mtu aliyelala.

Akamwashiria wasimame. Vichwa vikaibuka juani.

"Umempa nani hewa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yule mama nyuma yako, dada. Alishika koo. Si ulisema anayeomba hanyimwi?"

"Tuko wawili tu humu."

Mdogo mtu alianza kucheka, kisha akavutwa.

Alivutwa kwa miguu, na mwalimu alipozama kumfuata aliona mkono uliokauka kama kuni umemshika kifundo, akauchoma kwa kisu cha kiunoni mara tatu, mara nne, bila damu kutoka, na kila alipochoma ule mkono ulimbamiza mdogo wake mwambani, bega likateguka, meno yakamtoka pamoja na mpira, damu ikatanda mpaka mwalimu akawa anakata asichokiona, mipira, nguo, ngozi, na uvundo wa mzoga ukampenya puani ingawa miwani ya kuzamia ilikuwa imeziba pua, hadi mkanda wa mtungi ukakatika na mwili ukamjia mikononi, mwepesi.

Akamburuta mchangani. Hapumui. Akambana pua, akaweka mdomo juu ya mdomo wake, akapuliza. Kifua kikapanda. Akapuliza tena. Mara ya tatu hakuhitaji kupuliza. Mdomo wa mdogo wake ulikuwa unavuta.

Ulivuta bila kuacha. Vidole vikamkamata kisogo, vikakaza mpaka shingo ikalia. Mwalimu alihisi mapafu yakikunjamana, ubavu mmoja ukavunjika, wa pili ukafuata. Kisu bado alikuwa nacho. Angeweza kuchoma. Lakini chini ya kiganja chake moyo wa mdogo wake ulikuwa umeanza kupiga, na macho yalipofumbuka yalikuwa yake kabisa, yamejaa machozi, yakimsihi dada ajitoe.

Akadondosha kisu. Akaendelea kumpa.