Mistari Myekundu ya Odile

Katika msimu wa matope, Odile Thibault akishuka kwenye basi la shule hakuwa na muda wa kuingia ndani. Aliuacha mkoba kibarazani, akavaa mabuti ya mpira na kupanda mlimani kumimina pipani ndoo zilizotundikwa mitini. Huko Vermont, theluji ikianza kuyeyuka, miti ya sukari hutoa utomvu mwembamba kama maji, ambao huchemshwa mpaka ukawa asali. Familia nzima hukimbizana nao, maana utomvu haumsubiri mtu: ukipata joto, umechacha. Odile alikuwa na miaka kumi na miwili, na viganja vyake vilikwisha kuota sugu.

Utomvu ulikuwepo tele. Shida ilikuwa barabara. Msitu na makazi yao viko juu, nyumba ya kuchemshia iko bondeni, na katikati kuna mteremko wenye mashimo ya kumeza ndama. Mwaka uliotangulia, pikapu ya Baba, ambayo tumbo lake lilikaribia kugusa ardhi, ilikwama hapo hadi pipa zima la utomvu likaharibika. Jirani yao, Mzee Pelkey, ndiye aliyeivuta kwa trekta. Tangu siku hiyo hakuacha kumuuliza Baba, "Habari za plau yako, Normand? Bado inalima?"

Safari hii Baba aliapa kuinyanyua pikapu ikae juu zaidi. Bibi alikuwa anatimiza miaka themanini Jumamosi, na wageni walikwisha kualikwa kula asali ya miti iliyomwagwa ikichemka juu ya theluji, pamoja na donati na achari ya kukata utamu. Utomvu usiposhuka bondeni, hakuna asali, na bila asali hakuna sherehe.

"Tukate vipande vya mti wa sukari, tuvibane kati ya springi na ekseli," alisema Luc, kaka yake Odile. "Mti wetu ni mgumu kuliko chuma!"

"Mti wetu ni wa viti na vijiko," Bibi alimjibu huku akipuliza kucha zake alizotoka kuzipaka rangi nyekundu. "Ukipasuka kule mteremkoni, nitakuja kukuokota kwa hicho kijiko."

Basi vikanunuliwa vipande vya chuma vya unene wa vidole vitatu tu, kwani Baba hakutaka gari refu la kujionyesha ambalo lingepinduka kwenye kona. Alinunua pia bolti mpya ndefu za kubania springi na mipira mirefu ya breki. Kazi ilifanyika bandani, kwenye sakafu ya saruji. Magurudumu yaliwekewa kabari, na gari likakalishwa juu ya stendi za chuma. Kisha Baba akalisukuma kwa bega, kwa nguvu zake zote, aone kama litayumba.

"Jeki ni ya kunyanyulia," aliwaambia. "Kushikilia si kazi yake. Nikimkuta mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, atakula achari bila asali mpaka uzeeni."

Baba alikaza nati zote nane za nyuma kwa spana kubwa, ile inayolia "ka!" nati ikifika kiasi chake. Kila iliyolia, Odile aliichora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha ya Bibi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichokuwa chini yake. Nati ikijilegeza, mstari hukatika, na mtu huliona jambo hilo kwa kutupa jicho tu. Odile aliipenda kazi hiyo mno. Alitoa ulimi nje kila alipochora.

Ijumaa jioni Baba alilizungusha gari shambani polepole, kisha akalirudisha bandani. "Springi zimejikalia sasa," alisema. "Lazima nati zikazwe upya kabla ya kubeba mzigo. Mimi siwezi kuiacha sufuria ya asali kidogo ya kuonja iliyo jikoni, itaungua. Odile, kazi ni yako. Futa mistari ya zamani, kaza, ndipo uchore mipya."

Odile alijilaza kando ya gurudumu, akakaza moja baada ya nyingine. Ka! Ka! Alipofika kwenye ile ya nane, iliyojificha nyuma ya bomba la moshi, spana haikuingia. Ilihitaji kiungio kirefu cha kuirefusha, na kiungio kilikuwa ghalani, ng'ambo ya ua wenye matope. Wakati huohuo harufu ya donati ilimfikia kutoka jikoni.

"Odile! Luc anazimaliza!" Bibi aliita.

Odile aliitazama ile nati. Ilionekana imekaza. Aliigusa, haikutikisika. Akaichora mstari mzuri kuliko yote saba, akakimbilia donati.

"Zote?" Baba aliuliza.

"Zote, Baba."

Usiku huo donati zilimkaa kifuani.

Jumamosi asubuhi pipa lilijazwa utomvu pomoni. Baba alimulika chini ya gari kwa tochi, akaona mistari minane imenyooka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wageni walikuwa wakingoja bondeni wakitazama juu, na Mzee Pelkey alisimama kando ya njia na trekta lake, minyororo mkononi, akicheka kabla ya kichekesho.

Ndipo Bibi akatoka, amevaa kofia yake ya sherehe, akafungua mlango wa mbele wa pikapu.

"Mama, si uende kwa gari la Luc?" Baba alimwambia.

"Na nikose kumwona Pelkey akifunga mdomo? Thubutu!" Bibi alipanda, akamwonyesha Odile kucha zake dirishani. "Tazama, mimi na gari tumepaka rangi moja. Wala siogopi, mjukuu wangu. Si nimeiona mistari yako?"

Baba aliwasha gari. Odile aliruka mbele yake, akasimama katikati ya matope, mikono juu.

"Zima, Baba! Moja sikuikaza! Nimeichora tu!"

Injini ilizimwa. Odile alikuwa akilia waziwazi. Baba alimteremsha Bibi, akalirudisha gari bandani mwendo wa konokono. Odile alikimbia ghalani, akarudi na kiungio, akakibandika kwenye spana. Nati ilizunguka mara mbili nzima, laini kama kifuniko cha chupa, ndipo ikalia.

Baba aliketi juu ya ndoo. Uso ulikuwa umempauka. "Na pipa limejaa," alisema taratibu. "Na mama yangu ndani." Kisha akamkabidhi Odile kitambaa. "Futa yote. Anza upya."

Odile alianza upya, na Baba alichuchumaa pembeni akisikiliza kila "ka!" mpaka zikatimia nane. Wageni walingoja, miguu ikiwaganda, na hakuna aliyelalamika.

Bibi akapanda tena, pikapu ikashuka. Ilitumbukia kwenye shimo la mwaka jana, matope yakaruka mpaka kiooni, ikanguruma, kisha ikaibuka upande wa pili ikiwa nzima! Watu walishangilia. Bibi alitoa kofia dirishani na kumpungia Mzee Pelkey, ambaye aliitupa minyororo chini na kucheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, Normand, plau imeota miguu!"

Mchana, utomvu ulipokwisha kuchemshwa, asali ilimwagwa juu ya theluji, ikageuka pipi ya kunata, na watu wakala pipi, donati na achari ya matango kwa zamu. Odile alikaa kando ya Bibi, macho chini.

"Bibi, ungeumia kwa sababu yangu."

"Ningeumia. Sasa niko hapa ninakula, kwa sababu yako vilevile," Bibi alisema, akamshika kidole gumba na kuanza kuipaka kucha yake rangi nyekundu. "Lakini sikia. Rangi haikazi nati, mjukuu wangu. Mkono ndio unaokaza, rangi inashuhudia tu. Ukichora kabla ya kukaza, umeandika uongo, na watu wanaokupenda watapanda juu yake bila kuuliza."

"Sitarudia, Bibi."

"Najua. Ulisimama mbele ya gari wakati watu wote wanakutazama." Bibi aliipuliza ile kucha ikauke. "Haya, nisogezee achari. Utamu umenizidi."