Safu ya Saba

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya pili, kule mjini Narayanganj, ilianza vizuri: dua fupi, kisha vitamu vya jalebi, vya moto, kwenye karatasi. Mkandarasi alichangamka kupita kiasi. Nguzo za mianzi za kushikilia mbao za zege alizinunua kwa bei ya kutupa, kwenye jengo ambalo dari yake iliwaangukia mafundi watatu mwaka juzi. Zikaoshwa, zikarudi kazini. Aibu hakuwa nayo.

Mama Mitu alikuwa juu, kwenye mstari wa wanawake wenye makarai ya zege kichwani. Mumewe, Motaleb, alikuwa chini akikagua mianzi.

"Baba Mitu, ukisinzia huko nakumwagia zege," alimtania kupitia upenyo wa mbao.

"Mwaga tu, nipumzike."

Motaleb akaingia ndani zaidi, akigonga kila nguzo kwa nyundo. Kwenye safu ya saba, nyundo haikulia. Iligonga nyama.

Mwanzi ulikuwa umepasuka, umelala chini. Mahali pake alisimama mtu, viganja vimezibeba mbao za juu, uso mweupe kwa saruji.

"Kaka," akanong'ona, "nipokee. Nimechoka."

Motaleb alipiga kelele wasimamishe kazi. Mashine ya zege ilinguruma, hakuna aliyesikia. Akageuka akimbie.

"Nenda. Ila naachia sasa hivi."

Mbao zikalia. Vumbi likamwagika. Juu, mkewe alikuwa anacheka na wenzake.

Motaleb akainua mikono.

Uzito wote ukamshukia. Yule mtu akashusha mikono yake taratibu, akashukuru, akaondoka.

Walimtafuta Motaleb hadi jioni. Walipita hatua chache kutoka kwake, wakimwita. Aliitika. Hawakumsikia wala kumwona. Mkandarasi, mwongo mkubwa yule, akasema katoroka.

Wiki tatu baadaye mianzi iliondolewa. Motaleb akabaki, mikono bado juu. Mikono ilimuuma hata akalia, na hakuna aliyemsogelea kiasi cha kumsikia.

Kisha Mama Mitu akaja peke yake. Akasimama hatua moja kutoka kwake.

"Baba Mitu," akanong'ona. "Uko hapa?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari: nipokee. Motaleb akang'ata ulimi mpaka meno yakakutana.

Tone likaanguka sakafuni. Mama Mitu akainama, akaligusa kwa kidole. Ilikuwa damu, bado ya moto. Akatazama juu. Dari ilikuwa kavu.