Uzoefu: Hakuna

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, yeye ndiye aliyefungua duka la kaka yake. Alipokea mikate ikiwa bado na joto. Alipanga maziwa, ya zamani mbele na mapya nyuma, ili yasiharibikie kwenye friji. Alijua mteja yupi ametumwa sabuni na yupi amekuja kupiga soga tu. Watoto wa mtaa hawakusema wanaenda dukani. Walisema, "Naenda kwa Dada Kaunta." Jina hilo likamganda.

Kaka mtu alifika jioni kuchukua mauzo. Akiulizwa huyu mama ni nani, alijibu, "Ni dada yangu. Ananisaidiasaidia hapa." Mshahara haukuwepo. Kulikuwa na chakula, na chumba nyuma ya duka. Dada Kaunta aliingia pale binti yake akiwa bado ananyonya, baada ya mumewe kuondoka bila kuaga. Sasa binti alikuwa sekondari. Damu ni nzito kuliko maji, mama alijiambia, na siku zikapita.

Siku moja alikuwa anapangusa mizani. Kaka yake aliingia na mkewe. Wifi ndiye aliyesema.

"Mdogo wangu amemaliza chuo. Yeye ndiye atakayeshika duka. Siku hizi biashara inataka watu wa kisasa."

"Na chumba?" Dada Kaunta aliuliza.

Kaka yake alitazama rafu. "Tutakifanya stoo. Lakini hatukufukuzi, dada yangu. Kaa mpaka mwisho wa mwezi."

Aliuza kabati na kitanda kikubwa, akapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Akaanza kufua nguo za watu. Binti yake alianza kusema kwamba shule si lazima, atatafuta kibarua. Maneno hayo yalimuuma mama kuliko sabuni iliyomla vidole.

Akaamua kutafuta kazi ya kuuza dukani, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Kila alikokwenda aliambiwa, "Lete wasifu wako." Wasifu ni karatasi ya kumweleza mwajiri wewe ni nani na umefanya kazi gani. Alikwenda steshenari. Mchapaji alikuwa na wasifu mmoja kwenye kompyuta, ambao aliwauzia watu wote. Kazi yake ilikuwa kubadilisha jina. Akaandika dini, hali ya ndoa, uzito, majina ya wazazi na shule ya msingi.

"Unapenda kufanya nini?" mchapaji aliuliza.

"Sijui."

Mchapaji akaandika: kusoma vitabu na kusafiri. "Uzoefu wa kazi?"

"Nilikuwa namsaidia kaka tu."

Mchapaji akaandika: hakuna.

Karatasi hizo alizisambaza kwenye maduka mengi. Hakuna aliyempigia simu. Mchana mmoja wa joto alirudi kuulizia kwenye duka moja. Mlangoni alimkuta mlinzi akijipepea. Dada Kaunta aliitambua picha yake iliyobandikwa kwenye wasifu, ikipanda na kushuka mkononi mwa mlinzi. Aligeuka akaenda zake.

Jirani yake wa mlango wa pili aliitwa Msimamizi. Alikuwa msimamizi wa wauzaji katika duka la vyombo vya nyumbani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni hiyo alimkuta Dada Kaunta kwenye kamba za nguo, macho mekundu.

"Jirani, kulikoni?"

Dada Kaunta alimweleza. Msimamizi aliomba kuuona wasifu. Aliusoma amesimama, nguo zikichuruzika maji pembeni yake.

"Unapenda kusafiri. Umesafiri wapi?"

"Sijafika popote."

"Na namba hii ya simu ni yako?"

Dada Kaunta aliisoma taratibu. Tarakimu moja ilikuwa imekosewa. Hata kama kuna aliyemtaka, asingempata.

Msimamizi alifunua ukurasa wa mwisho. "Uzoefu, hakuna. Wewe si ndiye Dada Kaunta? Mimi nimenunua mikate kwako miaka na miaka."

"Lile si duka langu. Nilikuwa nasaidia tu."

"Nani alikuwa anapokea mzigo?"

"Mimi."

"Nani alikagua tarehe za bidhaa? Nani aliwatuliza wateja wakigombana? Nani alifunga hesabu ya siku?"

"Mimi."

"Basi hiyo ni kazi. Kutolipwa hakuifanyi isiwe kazi. Njoo ndani, tukae."

Walikaa juu ya mkeka na karatasi nyeupe. Msimamizi alieleza polepole.

"Mimi huletewa wasifu nyingi kwa siku. Sisomi zote neno kwa neno. Napitisha macho. Natafuta jibu la swali moja: mtu huyu atanifaa nini dukani? Dini yako hainipangii rafu. Uzito wako haunihudumii mteja. Hayo futa. Ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa weka jina, mtaa unaokaa, na simu inayopatikana. Chini yake sentensi mbili za kujieleza. Kisha kazi. Kazi ndiyo nyama, usiifiche chini ya mchuzi."

"Niandike ninajituma na ni mwaminifu?"

"Kila mtu huandika hivyo, hata mwizi. Andika ulichofanya, nitaona mwenyewe kama unajituma. Na kwanza soma tangazo la kazi. Wakitaka mtu wa kupanga bidhaa, kupanga bidhaa kuwe juu."

"Mchapaji alinishauri niseme nimefanya kazi supamaketi kubwa."

"Njia ya mwongo ni fupi. Wakipiga simu huko, umekwisha. Kila mstari uwe ule unaoweza kuuelezea ukiwa umekaa mbele yao."

Waliandika, wakafuta, wakaandika tena. Palipokuwa na "hakuna" sasa paliandikwa hivi:

Muuzaji na mwangalizi wa duka la vyakula la familia.
Nilifungua na kufunga duka kila siku.
Nilipokea na kukagua mikate, maziwa na vyakula vikavyo kutoka kwa wasambazaji.
Nilipanga bidhaa ili zinazokaribia kuisha muda ziuzwe kwanza. Maziwa yalikuwa hayaharibiki ovyo.
Nilihudumia wateja, nilipokea malipo ya taslimu na ya simu, na nilifunga hesabu kila jioni.

Mbele yake waliandika mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza. Dada Kaunta aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena. Msimamizi alidhani atafurahi. Lakini uso wa mwenzake ulikuwa umekunjamana.

"Yote haya nilifanya," alisema. "Na nilitolewa kama gunia tupu."

"Hasira ni haki yako," Msimamizi alisema. "Lakini haina nafasi kwenye karatasi hii. Na kwenye usaili usimseme vibaya kaka yako. Sasa tunahitaji watu wawili wanaoijua kazi yako, mwajiri awaulize. Waombe ruhusa kwanza, usiwaandike kimyakimya."

Dada Kaunta alikwenda kwa kaka yake. Alimkuta kwenye kaunta. Friji ilinuka maziwa yaliyochacha.

"Nikisema ulikuwa mfanyakazi wangu," kaka alijibu, "kesho utanidai mishahara ya miaka yote."

"Sikuja kudai, kaka. Nimekuja kukuomba useme kweli."

"Kweli ni kwamba nilikulisha."

Jioni mama yao alipiga simu. "Mwanangu, usimwaibishe kaka yako. Kawalea wewe na mtoto wako." Dada Kaunta alisema, "Sawa, mama." Kisha akawaza nani mwingine aliyeijua kazi yake.

Kesho yake alimngoja msambazaji wa mikate barabarani. Alipomaliza kumweleza, msambazaji alicheka kwa uchungu. "Niandike. Mimi miaka yote nilifanya biashara na wewe. Kaka yako nilimjua kwa mgongo, akiondoka na mauzo." Nesi wa zahanati ya jirani, mteja wake wa zamani, naye alikubali.

Kabla ya kuchapisha, binti aliusoma wasifu kwa sauti kukagua makosa. Safari hii namba ya simu ilihakikiwa kwa kupigwa.

Duka jipya lililotaka wauzaji lilimwita baada ya siku chache. Meneja alikuwa na karatasi yake mezani.

"Kwa nini uliondoka duka la familia?"

Aliyakumbuka maneno ya jirani. "Lilikabidhiwa kwa mtu mwingine wa familia," alijibu. "Mimi nataka kuendelea na kazi ninayoijua."

"Hapa umesema maziwa hayakuwa yanaharibika ovyo. Ulifanyaje?"

Hapo hakuhitaji kukumbuka maneno ya mtu. Alieleza mpaka meneja akaweka kalamu chini. Wiki iliyofuata alisaini mkataba wenye jina lake, kazi yake na mshahara wake. Binti hakuzungumzia tena kibarua. Alirudi kwenye vitabu vyake.

Baadaye familia ilikutana nyumbani kwa mama. Kaka mtu alikula, akashiba, akamgeukia mjomba wao.

"Dada siku hizi yuko duka kubwa. Kazi yote ile nimemfundisha mimi, dukani kwangu."

Mjomba aliitikia kwa kichwa akimsifu. Dada Kaunta aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo nilikuwa mfanyakazi," alisema.

Kaka yake alitafuta kitambaa cha kufutia mikono, ingawa kilikuwa mapajani mwake. Mama yao alitazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ondoa vyombo."

Dada Kaunta aliviondoa. Aliviosha, akavifuta, akavipanga vizuri kabatini. Kisha akamchukua binti yake, akaaga kila mtu kwa heshima, na kaka yake pia, wakaenda kwao.